Njia ya maji ni bustani ya kuazima



Mwezi wa tisa umefika. Mawingu yanakusanyika kila mchana, joto limepanda, na kila mwenye bati lenye tundu anaangalia juu. Katika mikutano yetu mitatu iliyopita swali moja limerudi kila mara: ile nafasi iliyoachwa kati ya parsele zetu kwa ajili ya maji ya mvua, je, tunaweza kuilima?

Tunaelewa kwa nini linaulizwa. Parsele ni ndogo na watoto ni wengi. Fungu la lengalenga sokoni linazidi kuwa jembamba, lakini bei haishuki. Wakati huohuo, kiangazi kikikausha kila mahali, pale penye njia ya maji majani hubaki mabichi kwa miezi. Mama akipita pale na bidoni kichwani anaona udongo wenye unyevu umelala bure, umejaa mifuko ya plastiki na chupa. Lazima atamani jembe.

Jibu letu kwa kifupi ni ndiyo, tunaweza kuilima. Lakini ni bustani ya kuazima. Mwenyewe ni maji, naye hurudi kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi bila kubisha hodi. Anayelima pale alime kwa namna ambayo mwenyewe akirudi atapita bila kumwangusha mtu. Hilo tulijifunza kwa gharama, kwa hiyo tunaanza na kosa letu wenyewe.

Kosa letu

Misimu miwili iliyopita, wanne kati yetu tulisafisha njia ya maji inayoshuka nyuma ya avenyu yetu. Upana wake ni kama hatua tano. Tuliondoa takataka, tukalima, tukapiga matuta makubwa mazuri ya viazi vitamu. Tuliyapiga yakakingama, kutoka upande mmoja mpaka wa pili, kama tulivyozoea shambani. Majirani walitupongeza. Mwezi wa kumi mvua ndogo zilinyesha, viazi vikatambaa, tukaona tumepata.

Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na mbili ikaja mvua yenyewe. Maji yalishuka kutoka juu, yakagonga tuta la kwanza, yakajaa, yakatafuta pengine pa kupita. Hapakuwa na pengine isipokuwa parsele ya jirani. Yaliingia katika jiko lake la matofali mabichi, yakakaa chini ya ukuta, na kabla ya asubuhi ukuta ulilala. Ashukuriwe Mungu, hakuna mtoto aliyekuwa amelala humo. Lakini gunia la unga wa muhogo lilikuwa humo, na makaa, na sufuria zote.

Asubuhi mama yule alikuja kwetu. Hakupiga kelele. Alisema tu: “Wamama wenzangu, unga wangu umekwenda na maji. Watoto watakula nini leo?” Tulikosa jibu. Wengine wetu tulianza kusema ni mvua ya Mungu. Shauri lilipofika kwa shefu wa kartye, bibi mmoja mzee aliyeketi pale akatuambia: “Mvua inanyesha kila mwaka na jiko lile halikuanguka. Mwaka huu mmeongeza nini?” Tukanyamaza, kwa sababu wote tulijua tumeongeza nini.

Tulitoa unga na makaa kwa fedha ya likelemba yetu, na Jumamosi mbili tulipiga matofali tukasimamisha ukuta upya. Baadhi ya majirani walitaka njia ile iachwe, isiguswe tena na jembe. Shefu hakukubali. Alisema ikiachwa itarudi kuwa jalala, na jalala nalo linaziba maji. Akatuambia tulime, lakini tujifunze kwanza. Haya tunayowaandikia ndiyo tuliyojifunza.

Maji ya bati moja ni bidoni ngapi?

Wengi wetu hatukujua uzito wa kitu tulichokuwa tunakizuia. Hesabu yake ni rahisi, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya meta mraba 1 inatoa lita 1 ya maji. Basi chukua nyumba yenye bati la meta 8 kwa meta 5. Hiyo ni meta mraba 40. Mvua kubwa ya milimita 50, ambayo sisi tunaifahamu, itamwaga juu ya bati hilo lita 2,000. Bidoni yetu ya kawaida ni lita 20. Kwa hiyo ni bidoni 100, kwa mvua moja, kwa bati moja.

Sasa hesabu nyumba kumi zinazotazamana na njia ya maji. Ni bidoni 1,000 zinashuka pamoja, na bado hatujahesabu maji ya barabara na ya nyua zilizofagiliwa mpaka zikawa ngumu kama sementi. Matuta yetu ya viazi yangewezaje kusimama mbele ya bidoni 1,000?

Hesabu hiyohiyo ina upande wake mzuri. Huku Lualaba mvua ya mwaka mzima inapita milimita 1,000. Bati lile moja hupokea zaidi ya lita 40,000, yaani bidoni 2,000 ambazo hakuna aliyezibeba kichwani. Tukiyapa maji hayo nafasi ya kuingia ardhini taratibu, ardhi inayatunza, nasi tunayakuta chini ya mboga wakati wa kiangazi.

Bibi zetu walijua

Kulima mahali pa maji si jambo la kigeni kwetu. Uwanda wa Dilolo uko kwenye mgongo wa nchi, mahali ambapo maji yanaachana. Upande wetu yanashuka kwenye Mto Kasai, ambao kwa sehemu ndio mpaka wetu na Angola, yakaenda mpaka Mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Upande mwingine yanashuka Zambezi, yakaenda mpaka bahari ya Hindi. Katika uwanda kama huu vichwa vya vijito si makorongo yenye mawe, ni mabonde mapana yenye majani, yanayojaa maji wakati wa mvua na kubaki na unyevu wakati wa jua. Huko Zambia na hata kwetu Katanga wengi wanayaita dambo.

Bibi zetu walilima kando ya mabonde hayo kwa utaratibu. Muhogo uliwekwa juu, penye mchanga mkavu. Mboga ziliwekwa chini, ukingoni mwa unyevu, mvua zikiisha. Katikati, pale maji yanapopita, paliachwa majani. Mvua ziliporudi, bustani ya chini ilikuwa imekwisha kuvunwa. Sisi tulipohamia penye avenyu na parsele tulichukua jembe tukasahau utaratibu. Njia ya maji nyuma ya nyumba zetu ni dambo ndogo.

Udongo wetu nao una tabia yake. Sehemu kubwa ya uwanda huu ni mchanga, uleule unaoanzia mbali kusini katika nchi ya Kalahari. Mchanga unakunywa maji haraka, na hilo ni zuri. Lakini haushikani. Ukiuacha uchi mbele ya maji yanayokimbia, unachimbika kwa mvua moja. Leo ni mfereji wa kidole, wiki ijayo ni wa mguu, na baada ya misimu michache ni korongo linalokula nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa korongo hata ukuta hausaidii.

Tumeona kwa wenzetu gharama ya kuyanyima maji njia. Usiku wa kuamkia tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2022, mvua ya Kinshasa iliua zaidi ya watu 120 na kuikata barabara kuu ya kwenda Matadi. Nyumba nyingi zilikuwa zimejengwa juu ya miteremko na ndani ya njia za maji. Dar es Salaam, katika bonde la Mto Msimbazi, mafuriko ya mwezi wa kumi na mbili 2011 yaliwakumba waliojenga chini, na miaka minne baadaye serikali ilibomoa nyumba katika bonde hilo. Dilolo si Kinshasa wala Dar es Salaam, na bado tuna nafasi. Njia za maji zilizoachwa huku nyingi hazijajengwa. Tuzitunze zikiwa bado zipo.

Tulivyoitengeneza upya

Tulianza kwa kungoja. Mvua ilipokuwa inanyesha tulisimama na miamvuli na mifuko kichwani, tukatazama maji yanapita wapi, yanajaa wapi, yanatoka wapi. Tulipigilia vijiti mahali maji yalipofika juu kabisa. Usiguse jembe kabla ya kufanya hivyo. Kumbukumbu ya mtu ina makosa, lakini kijiti ulichokipigilia mvua ikinyesha hakidanganyi.

Halafu tuliigawa njia mara tatu kwa urefu wake. Katikati ni ya maji peke yake. Tuliacha hatua mbili, tukapanda majani mafupi yanayotambaa, yaleyale yanayoota uwanjani. Majani hayo yanalala maji yakipita, kisha yanainuka, na mizizi yake inashika mchanga. Katikati hapalimwi na hapafagiliwi. Wamama wengi tunapenda ua uliofagiliwa mpaka ung’ae, lakini njia ya maji iliyofagiliwa ndiyo inayozaa korongo.

Pande mbili za majani hayo ndipo penye bustani. Matuta yanalala sambamba na mwendo wa maji, kama reli mbili, wala hayakingami. Nayo ni ya chini, hayafiki goti. Maji yakizidi yanapanda kidogo kwenye mboga na kushuka tena.

Mahali penye mteremko mkali tuliweka vizuizi vidogo vya mawe ili maji yapunguze mbio. Hapa angalieni sana, kwa sababu hata baba mmoja fundi alikosea. Kizuizi lazima kiwe chini katikati na juu pembeni, kama bakuli lililokatwa. Ukikiweka sawa, au ukikiinua katikati, maji yatazunguka pembeni, yatakula ukingo, na utakuwa umechimba mfereji mpya kuelekea nyumba ya mtu. Kimo cha kifundo cha mguu kinatosha. Chini yake panga mawe mengine pale maji yanapoangukia.

Mwisho wa njia ni muhimu kuliko mwanzo. Kabla ya kuyaongoza maji, uliza yatakwenda kwa nani. Sisi tulishuka kwa miguu mpaka kijito, tukazungumza na kila nyumba iliyo chini yetu. Kazi hiyo ilichukua siku nzima na ilituokoa na ugomvi wa miaka.

Nini kipandwe, na wapi

Chini kabisa, mahali panapobaki na maji siku mbili tatu, panda magimbi. Hayo hayaogopi maji. Miwa nayo inavumilia mafuriko mafupi. Ukingoni, panapolowa na kukauka, panda migomba: inakunywa maji mengi, na mizizi yake inashika udongo. Iache iwe mbali na majani ya katikati, kwa sababu mgomba ukianguka njiani unakuwa mlango uliofungwa.

Kwenye ukingo unaobomoka panda sinda, ile ya chai, kwa mstari uliobanana. Ukipata vetiva ni bora zaidi, mizizi yake inashuka meta 2 au 3 chini. Huko Kinshasa hupandwa kushikilia makorongo.

Kwenye matuta ya pembeni, wakati wa mvua, panda matembele kwa ajili ya majani yake. Usitegemee viazi vyenyewe, vitaoza. Lengalenga inafaa kwa sababu inavunwa baada ya wiki chache, hata mvua ikiichukua hujapoteza msimu mzima. Muhogo usiuweke humo. Mizizi yake inaoza maji yakisimama, na sombe unaweza kuichuma kutoka muhogo wa juu. Mpapai nao unakufa haraka ukisimama ndani ya maji, uweke nje ya vijiti ulivyopigilia. Maharagi vilevile.

Msimu wenyewe wa bustani hii ni kiangazi, kuanzia mwezi wa tano. Mvua zimekwisha, unyevu umebaki chini. Hapo ndipo pa kuweka vitunguu, kabichi, nyanya na lengalenga kwa wingi. Mwaka jana tulimwagilia mara moja pale ambapo juu kwenye parsele tulimwagilia mara mbili. Kila mama anayebeba bidoni anajua maana ya hesabu hiyo. Mwezi wa tisa tunavuna kila kitu na kuondoa vijiti, kamba na magunia, ili maji yakute njia iko wazi.

Mbu, watoto na tumbo

Mama mmoja alituuliza kwa haki kabisa: mnatuletea mboga au malaria? Mbu anayeleta malaria anataga katika maji yaliyotulia, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja mpaka mbili. Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba maji yasikae zaidi ya siku mbili. Yakiondoka ndani ya siku mbili, viluwiluwi vyake vinakufa kabla ya kuota mabawa. Baada ya kila mvua kubwa mmoja wetu hupita siku ya pili kutazama. Akikuta dimbwi, anafungua mfereji mdogo au anajaza shimo. Anatazama pia makopo, matairi na vifuu. Kulala ndani ya chandarua kunabaki palepale.

Kuhusu watoto, mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika magoti ya mtu mzima. Usichimbe shimo la kina katika njia ya maji, hata kama unataka kuhifadhi maji ya kumwagilia. Na mvua ikinyesha hakuna mtoto kuchezea humo, hata kama maji yanaonekana madogo. Maji yanayokimbia yanamwangusha mtoto kabla hajaita mama.

Halafu kuna uchafu. Maji ya mvua yanapita kwenye nyua, kwenye mifugo, na mahali pengine kando ya vyoo. Yanaweza kubeba kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Kwa hiyo mboga za njia ya maji hazilwi mbichi. Zioshwe kwa maji safi, zipikwe mpaka zichemke. Kama choo cha jirani kimefurika na maji yake yamefunika mboga, msizichume. Zing’oeni, acheni jua lipige, kisha pandeni upya. Na choo kisichimbwe ndani ya njia ya maji wala ukingoni mwake, hata kwa muda.

Jambo la mwisho ni mafuta ya magari na metali. Dilolo ni mji wa mpakani, na malori yanapita na kuegeshwa. Maji yanayotoka moja kwa moja mahali malori yanapotengenezwa yanabeba mafuta, na huko panda majani, sinda au maua tu. Wale wetu wenye ndugu Kolwezi, zaidi ya kilomita 400 kwa reli, muwaambie hivi: maji yanayoshuka kutoka machimbo ya shaba na kobalti si ya kumwagilia chakula. Kijidudu cha kuhara kinakufa kwa kuchemshwa, lakini metali haiondoki kwa moto wala kwa kuoshwa majani.

Ardhi hii ni ya nani?

Hapa ndipo ugomvi unapoanza, kwa hiyo tusome taratibu. Sheria ya ardhi ya nchi yetu, ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, inasema ardhi ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia. Nafasi iliyoachwa kwa maji wakati wa kupima haimo katika karatasi ya parsele yako, hata kama umeilima miaka kumi. Kuilima hakukufanyi mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kulima, nendeni kwa shefu wa kartye, na ikiwezekana kwenye ofisi ya wapimaji wa ardhi, ile tunayoiita kadasta, muulize mipaka ya njia ile iko wapi. Mkipata ruhusa, iandikwe, hata kwa ukurasa mmoja wa daftari: nani wanalima, kutoka wapi mpaka wapi, na kwamba hakuna ukuta, nyumba, choo wala sementi. Majina ya wamama yaandikwe yenyewe, si ya mabwana peke yao. Tangu sheria ya familia ilipobadilishwa mwaka 2016, mke haombi tena ruhusa ya mume kama zamani. Mume na mke wanatakiwa kusikilizana. Basi msikilizane nyumbani kwanza, kisha karatasi iandikwe.

Na mtu akija kuwauzia kipande cha njia ya maji kwa bei ya chini, jueni kwa nini ni ya chini. Anawauzia mafuriko. Mkikinunua mtapoteza fedha, na siku moja mtapoteza nyumba.

Kwa mama asiye na njia ya maji karibu

Unaweza kutengeneza ndogo ndani ya parsele yako. Nchi nyingine wanaita bustani ya mvua. Wamarekani wa jimbo la Maryland walianza kuziweka kwenye nyumba mpya miaka ya 1990, kila nyumba na yake, badala ya kusukuma maji yote barabarani. Kazi yenyewe ni ya jembe tu.

Chagua mahali chini ya mteremko wa ua, angalau meta 3 kutoka ukuta wa nyumba, mbali na choo na mbali zaidi na kisima. Kwanza pima udongo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache linywe, lijaze tena. Kesho asubuhi likiwa tupu, mahali panafaa. Likiwa bado na maji, tafuta pengine.

Kisha chimba beseni pana lisilo na kina, sentimita 20 tu, na chini pawe sawa. Kwa bati la meta mraba 40 na mchanga wetu, beseni la meta 3 kwa meta 2 linasaidia sana. Likijaa linashika lita 1,200, yaani bidoni 60, na mchanga unaendelea kunywa mvua inaponyesha. Yatakayozidi yape mdomo wa mawe upande wa chini, yatoke unapotaka wewe, si yanapotaka yenyewe. Panda magimbi katikati, migomba miwili ukingoni, sinda kwenye mdomo. Baada ya mvua ya kwanza angalia, rekebisha.

Kazi ya juma hili

Mvua bado haijashuka vizuri, kwa hiyo tuna siku chache. Tunaomba kila kikundi cha avenyu kifanye mambo manne kabla ya Jumapili ijayo. Kwanza, tembeeni njia yenu ya maji kutoka juu mpaka chini, wote pamoja, na watoto wakubwa. Pili, toeni takataka, msizisukume kwa walio chini yenu. Tatu, kama kuna tuta au ukuta unaokingama, mzungumze na aliyeuweka kwa upole, kama dada na dada. Sisi tuliuweka na hatukuwa watu wabaya, tulikuwa hatujui. Nne, chagueni mama mmoja wa kupita siku ya pili baada ya kila mvua.

Yule mama ambaye jiko lake lilianguka analima pamoja nasi leo. Tuta lake ndilo la kwanza upande wa juu, kwa sababu yeye mwenyewe aliomba akae pale maji yanapoingia, ayaangalie. Kiangazi hiki alivuna vitunguu akauza, akanunua bati la jiko. Jumamosi iliyopita tulikula kwake bukari na lengalenga ya njia ya maji, tukiwa tumeketi kando ya ukuta ule tuliousimamisha. Mvua ya mwaka jana iliukuta. Ilipita pembeni ikashuka kijitoni.

Wenye maswali waje mkutanoni, waje na jembe.